Uvimbe Uliotulia

Mtaani kwetu Free Area, mtu aliyefuga kuku bila kuwa na bangi kidogo ndani ya nyumba alionekana mfugaji mgeni. Sisemi hivyo kwa kujivunia. Kideri kilipoingia bandani, kuku waliinamisha shingo, wakaharisha kijani, na baada ya siku chache banda lilikuwa kimya. Chanjo ilikuwepo mjini, lakini wengi wetu tuliikumbuka baada ya kuku wa kwanza kufa. Basi tulifanya kama tulivyowaona wengine wakifanya: tulichemsha majani yale, tukayapoza, tukawawekea kuku katika maji ya kunywa. Kuku walitulia. Waliacha kutetemeka, wakafumba macho. Wachache walipona na wengi walikufa, ila hata waliokufa walikufa wametulia, na sisi tukauhesabu utulivu ule kuwa nusu ya kupona.

Nimeanza na kuku kwa sababu kosa nililokuja kulifanya kwa mke wangu nilijifunzia bandani.

Majani yangu yalikaa katika mkebe wa mafuta ya kupikia, juu ya kabati ya vyombo. Mke wangu alijua. Binti yetu pia alijua, na alipokuja nyumbani Desemba ya 2007 kupiga kura, alinitania kuhusu mkebe ule.

"Baba, siku moja polisi watakushika, halafu mimi ndiye nitakayeulizwa na walimu wangu nyumbani kwetu tunasomea nini."

Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu Nairobi, akisomea mambo ya dawa, na kazi yake ya mwisho ilihusu mmea uleule. Yeye hakuuita bangi. Alikuwa na majina marefu ya vitu vilivyomo ndani yake, na alisema watu wa sayansi wanavitafutia njia ya kuwasaidia wagonjwa wenye maambukizi makali. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, kisha nikawa karani wa ghala la mahindi mpaka nilipostaafu. Kumsikia mtoto wangu akisema maneno ambayo sikuwahi hata kuyasoma kulinipa raha fulani ambayo sasa naionea aibu, kwa sababu ilinifanya nijione kana kwamba ninayajua mimi.

Matokeo ya kura yalipotangazwa, nchi ilichafuka, na Januari vyuo havikufunguliwa. Binti yetu akabaki nyumbani. Ili asisahau, alikuwa akisimama mbele yetu sebuleni na kutufundisha kama vile sisi ndio walimu watakaomtahini.

"Mama, ukijikata mkono, mwili unatuma askari mahali palipokatwa."

"Askari wa kweli," mama yake akauliza, "au hawa wa kuomba chai?"

"Wa kweli, Mama."

"Basi mwili umeishinda serikali. Endelea."

Alieleza kwamba mahali pale panavimba, panakuwa pekundu na pa moto, na kwamba joto lile si la wadudu, ni la askari wakiwa kazini. Juu ya kila askari kuna vitu vidogo ambavyo aliviita vipokezi. Akasema ni kama masikio. Mwili wenyewe una sauti ya kuwaambia askari, inatosha, tulieni. Bangi inafanana na sauti ile, ndiyo maana inasikika. Kuna masikio ya aina mbili, akasema. Ya kwanza yako zaidi kichwani, na ndiyo yanayomlewesha mtu. Ya pili yako zaidi kwa askari wa damu. Watu wanatafuta dawa itakayozungumza na yale ya pili tu, mtu asilewe, lakini uvimbe upungue.

"Ili iweje?" nikauliza.

Akasogeza pazia. Nje, karibu na lango la jirani, vijana wa mtaa walikuwa wamekaa juu ya matairi na rungu zao. Walikuwa wameanza ulinzi baada ya mwaka mpya, na sisi wenyewe tuliwapelekea chai na mkate. Lakini siku zilivyosonga walianza kutudai vitambulisho, na wiki ile walikuwa wamempiga muuza maziwa ambaye kila mtu alimjua.

"Kama wale," akasema. "Waliitwa kutulinda dhidi ya mwizi. Mwizi anaweza kuondoka na wao wasiondoke. Katika maambukizi makali, mara nyingi mtu hauawi na mdudu peke yake. Askari wa mwili wanawaka mwili mzima, mishipa inavuja, damu inakosa nguvu ya kusukumwa, figo zinalala. Ndiyo maana watu wanauliza kama tunaweza kuzungumza na masikio yale, askari wapunguze hasira. Lakini—"

Aliendelea kueleza, na mimi sikumsikiliza tena. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Bangi inapunguza uvimbe. Sisi wa kuku tulikuwa tumejua tangu zamani, na sasa chuo kikuu kimekubali. Nilikaa pale nikitabasamu kama mtu aliyesifiwa.

Baadaye kidogo dada yangu, anayekaa mtaa wa Section 58, alipiga simu kwamba yuko peke yake na wajukuu na anaogopa. Binti yetu akaenda kukaa naye. Kulikuwa shwari siku ile, na sote tulidhani atarudi baada ya siku mbili tatu.

Hakuwepo basi mama yake alipojichoma kwa waya wa banda. Paka alikuwa ametoboa tundu, na mke wangu alikuwa akiliziba. Waya uliingia katika kiganja cha mkono wa kulia, chini ya kidole kidogo, na ulikuwa na kutu na mavi ya kuku. Alinawa kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akaendelea kupika. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, unang'aa, na ukitaka kuugusa unasikia joto kabla ya kufika kwenye ngozi. Hakulala usiku. Mwanamke huyu alizaa watoto wanne bila kupiga kelele, na sasa alikuwa akiuma ncha ya shuka.

Nilichemsha majani. Nikatia majani ya chai, maziwa na sukari nyingi ili kufunika harufu, jambo la kipumbavu, kwa kuwa yeye ndiye aliyewachemshia kuku mara nyingi kuliko mimi.

Akanusa kikombe. "Hii ni ya kuku."

"Ni ya kuku na ni ya profesa," nikamwambia. "Si ulimsikia binti yako? Inapunguza uvimbe."

"Nikianza kutaga utanijibu," akasema, akanywa.

Alilala. Asubuhi nikamuuliza mkono unaendaje, akasema kwa ulimi mzito, "Maumivu yapo, lakini yamehamia kwa jirani." Nilifurahi mno. Niliutazama mkono nikauona umepungua. Sijui kama ulikuwa umepungua. Mtu anayetaka kuona huona. Nikampa kikombe kingine.

Binti yetu alipiga simu. Kadi za simu zilikuwa haba siku zile, kwa hiyo tulizungumza haraka.

"Mama yuko vipi?"

"Anapumzika," nikasema. Halikuwa neno la uongo, ila lilifanya kazi ya uongo.

Asubuhi hiyohiyo alikuja mfanyabiashara wa Kisikh aliyetuuzia chakula cha kuku. Alikuwa mtu wa mjini, babake alifungua duka lile kabla ya uhuru, na kwa miaka mingi alikuwa na mazoea ya kugombana na mke wangu kwa utani kila alipoleta magunia. Alikuja na pikapu akisema anataka kuwafikishia wateja chakula kabla mambo hayajaharibika zaidi.

"Leo iko kimya sana hapa," akasema. "Mama yuko wapi? Leo hakuna mtu ya kuniambia pumba yangu iko na mchanga?"

Nikampeleka mlangoni mwa chumba. Mke wangu alikuwa amelala, mkono juu ya mto. Yule bwana aliutazama bila kuingia.

"Mzee, hii si mzuri. Mimi napita pale hospitali sasa hivi. Njia iko wazi. Mpandishe mama."

"Ndiyo kwanza amepata usingizi mzuri. Akiamka tutakwenda wenyewe."

"Kesho hujui njia itakuwa namna gani."

"Uvimbe unashuka."

Alinitazama, akautazama mkono tena. "Mzee, macho yako na macho yangu haioni mkono moja," akasema. Akangoja kidogo, labda nibadili nia. Kisha akashusha magunia mwenyewe, akaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikataa. Niliogopa kidogo kwamba daktari atauliza amekunywa nini, na bangi ni kesi. Lakini hofu ile ilikuwa ndogo. Kilichonizuia hasa ni kwamba nilikuwa nikimtibu mimi. Nilikuwa nimeona kitu kikifanya kazi kwa mkono wangu, na sikutaka kumkabidhi mtu mwingine ushindi wangu.

Mchana moshi ulipanda upande wa mitaa ya Rhonda na Kaptembwo. Maduka yalifungwa, watu wakakimbia na magodoro vichwani, na jioni redio ikatangaza kwamba hakuna ruhusa ya kutoka nje hadi asubuhi. Njia ambayo ilikuwa wazi ilifungwa, kama alivyosema yule mfanyabiashara.

Mke wangu aliamka magharibi, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu hakulalamika. Mkono ulikuwa bado umevimba, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda hadi kwenye kiwiko. Yeye alisema hauumi sana. Alikuwa baridi miguuni, na ngozi ya magoti ilikuwa na madoa. Alipumua haraka haraka kama kuku wakati wa jua kali. Nikamuuliza kama anataka kwenda haja, akasema hana haja tangu asubuhi. Kisha akaniita kwa jina la kaka yake aliyekufa, akaniomba nifunge ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe.

Kulipopambazuka niliazima mkokoteni wa jirani, nikatandika godoro, nikamlaza, nikamfunika blanketi. Kwenye matairi vijana walinisimamisha.

"Mzee, unapeleka nini na hiyo mkokoteni?"

"Mgonjwa. Hospitali."

"Toa kitambulisho."

"Wewe unanijua. Umekula mayai yangu tangu uko nasari."

"Siku hizi hatujui mtu, mzee. Ni kazi."

Mwenzake akainua blanketi kwa ncha ya rungu, akaruka nyuma. "Ee! Ni mathe wa mayai! Toa matairi, wewe! Unaitisha mathe kitambulisho akiwa hivi?"

Wakatoa matairi. Wakanisukuma pembeni, wakaushika mkokoteni wenyewe, wakakimbia nao hadi barabara ya Nairobi, mimi nikiwafuata nyuma kwa pumzi ya uzee. Wao ndio waliosimamisha, kwa kuinua mikono yote, lori la wanajeshi lililotufikisha hospitali. Kabla ya wiki kwisha vijana walewale walichoma nyumba ya mtu mtaani kwetu. Hadi leo sijui niwaweke wapi moyoni mwangu.

Hospitali ilijaa majeruhi wa mapanga na wa moto. Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliushika mkono, akabonyeza kucha, akapima presha, akaita wenzake. Halafu akanigeukia.

"Mzee, nyumbani amepewa dawa gani?"

Nilimwambia. Nilisema bangi, ndani ya chai, mara ngapi na tangu lini. Hakufoka. "Asante kwa kusema," akajibu, na kufoka kungekuwa afadhali kwangu. Wakamwekea maji ya mshipani na dawa za kuua wadudu, wakamvisha barakoa ya hewa, na mchana wakampeleka kupasuliwa mkono ili usaha utoke.

Binti yetu alifika kwa miguu kutoka Section 58, viatu vimejaa majivu. Sikungoja aniulize.

"Nilimpa ile ya mkebe. Ulisema inapunguza uvimbe."

"Nilisema 'lakini', Baba."

"Najua. Sikusikia iliyofuata."

Akaketi kwenye benchi, akanieleza iliyofuata, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto mgumu. Askari wakiambiwa watulie wakati mwizi bado yuko ndani, mwizi anafanya anavyotaka. Wakiachwa bila kuambiwa lolote baada ya mwizi kuzidiwa, wanachoma nyumba. Kwa hiyo dawa ni ileile, na inaweza kuwa nzuri au mbaya kulingana na saa. Na hakuna mtu bado anayejua kuisoma saa hiyo katika mwili wa mtu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewanyamazisha askari wake," nikasema.

"Sijui. Hakuna anayejua. Kwa chai, na kipimo cha kukisia, pengine haikuwafikia askari hata kidogo. Pengine ilituliza maumivu tu, na maumivu ndiyo yangemleta hapa." Akafuta uso. "Pengine ilikutuliza wewe, Baba."

Hakulisema kwa ukali. Nimelibeba neno hilo miaka yote hii na sijapata kasoro ndani yake.

Siku zilizofuata zilikuwa za benchi. Daktari alitueleza kwamba wadudu wanaanza kushindwa, mkono umesafishwa, lakini mwili wenyewe bado unawaka. Damu haikuwa na nguvu. Figo zilikuwa zimelala. "Dawa za wadudu zimefanya kazi yake," akasema. "Sasa tunausaidia mwili kwa maji na hewa, na tunasubiri utulie wenyewe."

Alipoondoka nikamgeukia binti yangu. Nilikuwa nimeogopa kuuliza, lakini mtu akiona mke wake anapumua vile huuliza chochote.

"Si ndiyo saa yenyewe hii? Mwizi ameshikwa, askari wanaendelea."

"Ndiyo," akasema. "Hapa ndipo. Hapa ndipo watu wote wanapotafuta."

"Basi dawa iko wapi?"

"Haipo. Bado iko kwa panya wa maabara. Na hata kwa panya, mmoja anapona na mwingine anakufa, na watu wanabishana kwa nini."

"Na ile ya—"

"Baba." Alinyanyua mkono. "Usiniulize hilo tena. Tafadhali."

Sikumuuliza tena. Tulikaa bega kwa bega, yeye anajua jina la kitu ambacho kingefaa na mimi najua mahali kinapoota, na hakuna kati yetu aliyeweza kumsaidia mwanamke aliyelala nyuma ya pazia. Nilielewa hapo kwamba ujuzi wake na mazoea yangu havikuwa ndugu, ingawa vilihusu jani moja. Yeye alijua mpaka wa anachokijua. Mimi sikuwahi kuutafuta wangu.

Asubuhi moja nesi wa wodi, mama mnene aliyezoea kutukaripia tusikalie vitanda, alitoka nyuma ya pazia ameinua mfuko wa plastiki mbele ya dirisha. Chini ya mfuko kulikuwa na mkojo, wa rangi ya chai ya rangi, labda nusu kikombe.

"Mzee, njoo uone mali yako," akasema. "Figo zimeamka."

Binti yetu alishika uso akalia kwa sauti, na watu wa vitanda vingine wakadhani tumefiwa. Mimi niliutazama mkojo ule nikashindwa kuondoa macho.

Alipona, ila si wote. Vidole viwili vya mkono wa kulia, kidogo na kinachokifuata, vilikuwa vimekufa, vikakatwa. Vilivyobaki haviwezi kufumba hadi mwisho. Alirudi nyumbani amekonda, akichoka kwa kutembea hadi jikoni, na alisahau mambo madogo kwa miezi kadhaa. Nilipomwomba msamaha alisema amenisamehe, na kwamba sasa niache kumwomba kila siku, maana inamchosha kuliko ugonjwa.

Vyuo vilipofunguliwa, binti yetu hakufunga mizigo. Alimkuta mama yake uani akimenya minji kwa mkono wa kushoto, bakuli katikati ya magoti, punje nyingi zikiruka chini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji.

"Mama, nataka kubadilisha ile kazi yangu. Mwalimu ataniruhusu. Naweza kuandika juu ya kitu kingine."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Mama yake akamenya ganda jingine. "Uliniambia kwamba nilipokuwa nimelala pale, kuna dawa watu wanaitafuta, ya saa ileile."

"Ndiyo."

"Wameipata?"

"Bado."

"Sasa unabadilisha nini?"

Mama yake akainua macho, akanionyesha kwa kidevu.

"Ila mkiipata, msilete kwangu. Aanze kunywa baba yenu, tumwangalie wiki nzima akiwa amefungwa kwa mti."

Binti yetu alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku zile za sebuleni. Alicheka mpaka akakaa chini penye maganda, na mama yake akacheka naye, akishika bakuli kwa vidole vyake vitatu lisimwagike. Mimi sikujua kama nina ruhusa ya kucheka.

"Na wewe umesimama hapo kama nguzo," mke wangu akaniambia. "Minji haijimenyi."

Nikavuta kigoda. Yeye akashika bakuli, mimi nikamenya.